Nani Aliomba Chumvi?

Tangu niweke kopo lenye ua la vinka mbele ya mlango wangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kila apitaye amegeuka bwana shamba. Watu ambao hata bamia imewashinda wanasimama, wanashika kiuno, wanatikisa kichwa, kisha wanatoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Mmoja anasema ligeuziwe jua la asubuhi. Mwingine anasema jua la asubuhi ndilo linaloliua. Wa tatu hana muda na mambo ya jua, anauliza, linaliwa? Nikimjibu haliliwi, ananitazama kwa ile huruma tunayowawekea watu ambao kesi zao zimerudi zimekataliwa.

Swali la kuliwa silikasirikii. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda, ikapangiwa watu elfu 10 hadi 12, na sasa tumepita elfu 50. Ukuta wangu na ukuta wa jirani zinaachana kwa upana wa mtu mwembamba asiyebeba kitu. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini warudi kambini, hata huyo mtu mwembamba akakosa pa kupita. Kwenye nafasi kama hii kila kiganja cha udongo kina mwenyewe, na mwenyewe kapanda mchicha. Ukionekana unamwagilia kitu kisichoingia sufuriani, watu wana haki ya kujiuliza kama kuna hela unatumiwa kutoka Marekani na hujasema.

Lawama zote zianzie kwa muuza miche wa Lilongwe. Nilikuwa mjini kwa shughuli zangu za halali, kibali kikiwa mfukoni. Kilomita zenyewe ni arobaini na kitu tu, ila ukijumlisha foleni ya kibali, matola ya kukufikisha barabara kuu, na minibasi isiyoondoka mpaka ijae, na ikishajaa inajazwa tena, unashuka Old Town umezeeka. Nilisimama chini ya mti kando ya barabara nipumue. Kumbe kivuli kilikuwa cha biashara. "Achimwene, maluwa!" kijana akaniita, na kabla sijamwambia kwamba nimefuata ubaridi tu, ameshaniwekea mkononi mfuko mweusi wa plastiki wenye kijiti, majani ya kung'aa na maua mawili ya waridi.

"Hii inatoka pwani," akasema. "Inavumilia jua. Inavumilia mchanga. Inavumilia chumvi. Hii hata ukitaka kuiua huiwezi."

Nikamwuliza pwani ipi. Malawi haina bahari. Ziwa lake kubwa ni maji matamu, watu wanayapikia. Ziwa lenye chumvi ni Chilwa, kule upande wa Zomba, ambalo halina mto wa kulitoa maji, na mvua zikigoma linakauka lote kama lilivyokauka mwaka 1995. Ukitaka bahari yenyewe sharti uvuke mpaka, na kibali changu kilikuwa kinaishia jioni ileile. Sasa hiyo sifa ya kuvumilia chumvi ina kazi gani Lilongwe? Kijana hakubabaika. "Kitu kilichoishinda chumvi, abambo, kitashindwa na nini?" Nililipa kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu alikuwa amenipandisha cheo kutoka kaka hadi baba ndani ya dakika moja.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi, mtu mmoja mwenye sare alichungulia karatasi yangu, akachungulia mfuko, akauliza, "Na huyu, kibali chake?" Abiria wakacheka. Nami nikacheka, maana mwenye sare akitania, hucheki kwa kuchekeshwa. Lakini swali lenyewe halikuwa baya. Vinka ni mzaliwa wa Madagaska. Wazungu walibeba mbegu zake karne ya 18, mtaalamu wa mimea Linnaeus akaiandikisha kwenye vitabu vyake mwaka 1759, na leo imejiotea nchi zote za joto duniani. Pwani yetu ya Waswahili utaikuta nyuma ya ua, makaburini, kwenye ufa wa baraza, mchangani kabisa ambako wimbi likija vizuri linairushia matone, na hakuna anayeimwagilia. Kote huko haikupangiwa eneo la kukaa wala haikupigwa alama za vidole.

Tuseme kweli, ni ua zuri. Petali tano zimelala upande mmoja kidogo, na pale zinapokutana kuna tundu dogo lenye jicho jekundu lililoiva. Ua likidondoka linaacha maganda mawili membamba yamesimama wima, mawili daima, na yakikauka yanapasuka yenyewe na kumwaga mbegu nyeusi ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Mbegu hizo zinapenda giza. Ukizinyunyiza juu ya udongo zikaona mwanga, nyingi zinagoma kuota. Zifukie kidogo, funika na kigunia, halafu ondoka ukafanye mambo mengine. Hilo la kuondoka ndilo linalowashinda watu wa hapa.

Matunzo yake hayana uchawi. Nilitoboa kopo la mafuta ya msaada kwa msumari, matundu ya kutosha chini, nikachanganya udongo wetu mwekundu na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu, nikaweka penye jua la kutwa. Maji unasubiri mpaka udongo wa juu ukauke ndipo unatia. Kinachoua vinka upesi kuliko ukame ni mizizi kulala kwenye maji. Shina linalainika, linakuwa jeusi chini, na hapo hata daktari bingwa atakuomba radhi. Mbolea kidogo sana, maana ukiilisha kupita kiasi inatoa majani tu. Na baridi haiitaki. Juni na Julai, usiku wa hapa wilayani Dowa unapoingia mpaka kwenye mifupa, ninaiingiza ndani, na mke wangu amenijulisha kwamba ikifika mahali pa kugawana blanketi nichague.

Hayo yote nilidhani ni siri kati yangu na kopo. Lakini sifa ilikuwa imeshatoka. Niliposhuka kwenye matola nikiwa na mfuko, watoto waliuliza ni nini, nami kwa kiburi cha mtu aliyetoka mjini nikawajibu kwamba ni ua la pwani, linavumilia chumvi. Jioni hiyohiyo kambi nzima ilikuwa inajua. Na habari ya kwamba kitu fulani kinavumilia, hapa kwetu, haipokelewi kama habari. Inapokelewa kama ruhusa.

Aliyeanza ni mke wangu. Maji ya kuoshea vyombo, ambayo zamani alikuwa anatembea nayo hadi kwenye mfereji, sasa yakawa yanaishia mlangoni. Yakafuatia maji ya kufulia. Dada wa nyumba ya pili akaona njia imefupishwa, akaja na beseni lake la nepi. "Si linavumilia, shemeji?" Mwingine akaleta majivu ya jikoni, kwa nia njema kabisa, akidai kwao Bujumbura majivu ndiyo mbolea. Watoto wa kiume walileta walichokuwa nacho, wakiwa wamesimama.

Hapo ndipo nilipomwelewa kijana wa Lilongwe, japo yeye mwenyewe sidhani kama alijua alichosema. Sisi hatuna bahari, lakini chumvi tunayo, tena ya kutengeneza kila siku. Sabuni ya mche hupikwa kwa magadi makali. Sabuni ya unga nayo imejaa magadi. Ukimwaga maji ya kufulia, povu linakufa, magadi yanabaki. Udongo wa mfinyanzi kama wetu ukiyanywa kwa muda unafunga: mvua ikinyesha maji yanasimama juu yanakutazama, yakikauka ardhi inapasuka. Majivu nayo yana chumvi zake. Maharage ndiyo ya kwanza kusalimu amri, kwa sababu maharage ni dhaifu wa chumvi kuliko karibu kila tunachopanda. Nimeona bustani nzuri tu pembeni ya sehemu za kufulia zikifa kwa namna hiyo, na mwenye bustani akaenda kumsaka mchawi.

Kwa hiyo ua la pwani ndilo ua la Dzaleka. Kati ya mimea yote iliyowahi kukaa mlangoni kwangu, vinka pekee iliyapokea maji ya vyombo na siku ya pili ikafungua ua jipya. Lakini hata yenyewe ina kiwango. Nikatangaza sheria: maji ya povu la kwanza yaende mfereji, yanayokaribishwa hapa ni ya kusuuzia mara ya mwisho, na kila yakiingia hayo, mara inayofuata ni maji safi, ili yasukume chumvi chini na kuitoa kwenye matundu. Sheria ilisikilizwa kwa heshima zote. Beseni la nepi likaja saa ileile.

Sasa tufike kwa mzee.

Mzee jirani yangu alizaliwa Ubwari, kule Fizi, ambako ziwa Tanganyika limekuzunguka karibu pande zote, na kwa sababu hiyo anajihesabu mtu wa pwani. Nimewahi kumweleza kwamba Tanganyika ni maji baridi. Alinijibu kwamba maji ni maji. Alipokuwa kijana alikausha samaki kwa chumvi, na tangu hapo hakuna jambo la chumvi ambalo hana kauli yake. Majira ya baridi vinka ilipoanza kupata majani ya njano, mzee aliinama, akalishika jani moja kati ya vidole viwili, akalipindua, akalinusa, halafu akatoa hukumu.

"Mwanangu, huyu ana njaa ya kwao."

"Ni baridi tu, mzee. Jua likirudi litapona."

"Umemtoa mtu pwani, ukamnyima chakula cha pwani. Wewe ulipofika hapa, ukapewa nsima ya mahindi, si ulilia ugali wa muhogo?"

"Nililia, mzee."

"Basi na yeye analia."

Ukibishana na mzee mwenye hoja ya namna hiyo unaonekana huna adabu. Nikamwambia tutaona, nikaingia ndani. Asubuhi ya pili akaja kwangu kuazima chumvi. Mke wangu, ambaye hajawahi kumnyima mzee kitu, akampa pakiti nzima, ya dukani, yenye madini joto, tuliyokuwa tumeifungua juzi yake. Mzee akashukuru, akatoka, akapiga hatua chache hadi kwenye kopo langu, akaimwaga yote. Kisha akagonga hodi tena kurudisha pakiti tupu.

Nilimweleza taratibu. Nikamwambia: mzee, unakumbuka kachumbari? Ukikata nyanya na kitunguu ukatia chumvi ukaacha, unakuta bakuli limejaa maji. Yale maji hayakutoka kisimani, yametoka ndani ya nyanya, chumvi imeyavuta. Na mizizi ndivyo inavyofanywa. Chumvi ikizidi udongoni, maji yanagoma kuingia kwenye mzizi, na yaliyomo yanatamani kutoka. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Nikaongeza kwamba ipo mimea iliyozaliwa na kazi hiyo: mchu wa Lamu na Zanzibar, mkoko ule, unakaa ndani ya maji ya bahari, unaitoa chumvi kupitia majani, na ukililamba jani unaikuta. Vinka si mchu. Vinka inapigwa na upepo wa chumvi na haifi, basi. Ukiipa maji safi na udongo mwepesi inashukuru zaidi kuliko yeyote.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unakubali," akasema, "kwamba chumvi haikumuua."

Nilikosa la kusema kwa sababu hoja hii naijua. Nimeishi nayo. Kila mara wageni wakiletwa kambini, wakiwa na kofia na chupa za maji, kuna mmoja atasimama mbele yetu ukumbini na kusema kwamba sisi ni watu wavumilivu ajabu, kwamba amejifunza mengi kwetu. Tunapiga makofi. Mimi siku hizi nikisikia sifa hiyo naenda moja kwa moja nyumbani kupima unga, maana baada ya sifa huwa kinapunguzwa kitu. Posho ilipopunguzwa tukavumilia, na kwa kuwa tulivumilia ikaonekana kumbe ilikuwa inatosha. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hapa mvumilivu huongezewa mbichi.

Lakini turudi kwenye kopo, maana chumvi ilikuwa inafanya kazi wakati mimi nanung'unika. Siku chache tu, kingo za majani zikageuka kahawia zikakauka, na juu ya udongo pakatanda ukoko mweupe. Dawa ni moja: unakwangua ule ukoko, unatupa, kisha unasafisha udongo kwa maji mengi, mengi kuliko kopo lenyewe mara kadhaa, unayamwaga polepole na kuyaacha yatoke chini, unarudia. Maji safi. Kwa maneno mengine, ndoo za maji. Kwa maneno mengine tena, foleni ya mjigo.

Mjigo ndivyo wenyeji wanavyoiita pampu ya kisima, na foleni yake ni bunge. Ndoo zimepangwa tangu alfajiri. Mwenye ndoo akiondoka anaacha jiwe, na jiwe lina haki zake. Nikaja na ndoo zangu mbili na dumu. Mwanamume kwenye foleni ya mjigo tayari ni habari. Mwanamume mwenye vyombo vitatu ni mjadala.

"Shemeji," akaanza mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, "una msiba?"

"Hapana."

"Una ubarikio?"

"Hapana, shemeji."

"Sasa maji yote haya?"

Ningesema nafua. Ningesema natengeneza matofali. Ulimi ukaniponza. "Ni ya ua," nikasema.

Aliyekuwa anasukuma pampu akasimama. "Ua?" Neno likashika safari nyuma ya foleni, likapita kwa Warundi, likapita kwa Wabembe, likapokelewa na vijana wa Kinyarwanda, kila mtu akiliongezea kidogo kwa mujibu wa alivyosikia. Kufika mkiani lilikuwa limeshakuwa "ameuawa". Ameuawa nani? Wa nyumbani kwake yule papa mwenye dumu. Nikaona mzee mmoja nisiyemfahamu anavua kofia. Mama wa mbele yangu, aliyesikia vizuri kabisa kwamba ni ua, alifunguliwa mdomo na huzuni ya wenzake na kuanza naye kusema pole. Mawe yakasogezwa. Ndoo zangu zikapewa nafasi ya kwanza.

Hapo nilikuwa na uchaguzi wa kusahihisha foleni ya watu sabini katika lugha nne, au kuteka maji. Niliteka maji. Nilitembea nayo kwa hatua za mfiwa.

Jioni walikuja watu wawili na unga kidogo kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Mke wangu aliwapokea, akawasikiliza, akanitazama, akaupokea unga. Mpaka leo hajaniambia alimtaja nani kuwa marehemu, ila kuna shangazi yangu wa Uvira ambaye tangu siku hiyo watu hawamuulizi hali tena.

Vinka ikapona. Ilichukua muda, ilidondosha majani yote ya chini, ikabaki kama ufito, kisha jua la Septemba liliporudi ikachipua kwenye kila pingili. Mzee alipita, akaona machipukizi, akanipiga bega. "Si nilikuambia? Chumvi ilimwingia."

Kupona kukaleta balaa jipya. Alfajiri moja nikamkuta mama mmoja anachuma majani yangu na kuyatia kwenye upande wa kitenge. Mume wake ana sukari, na mtu kamwambia majani ya vinka yakichemshwa yanashusha. Habari hiyo imezunguka dunia nzima. Nikamsimamisha pale pale, nikampa historia kwa sauti ya chini ili nisiamshe mtaa: kwamba Wajamaika nao walikuwa wanayachemsha hivyohivyo, na mwaka 1952 majani yakatumwa kwa posta hadi Kanada, yakamfikia mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario aitwaye Robert Noble. Akayajaribu kwa panya. Sukari ya panya haikutikisika, lakini chembe nyeupe za damu zao ziliporomoka na panya wakafa kwa maambukizo. Mwingine angetupa majani. Noble na mwenzake Charles Beer wakauliza: kitu kinachopunguza chembe nyeupe, si kinaweza kumfaa mtu ambaye chembe hizo zimemzidi? Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Muda mfupi baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, na hadi leo hospitali zinazitumia hizo mbili kwa saratani za tezi na saratani ya damu ya watoto.

Nilidhani nimemtisha. Nikaendelea kumweleza kwamba inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya dawa, kwamba dawa yenyewe hupimwa kwa miligramu na kuingizwa mshipani na mtu aliyesomea, kwamba jani likichemshwa jikoni hakuna ajuaye umekunywa kiasi gani, na kwamba ni sumu: mishipa ya fahamu, tumbo, damu. Hata mbuzi wanajua. Mbuzi wa mtaa huu wamekula viatu, wamekula fomu za usajili, lakini walilionja jani la vinka mara moja wakageuza shingo. Mumewe ampeleke zahanati wakampime.

Alinisikiliza vizuri sana. Akaenda. Na kabla ya saa sita mchana mtaa ulikuwa unajua kwamba ninafuga mlangoni dawa ya saratani na sitaki kuitoa.

Walikuja wagonjwa wa kila aina. Alikuja mwenye meno. Alikuja kijana anayetaka mwanamke arudi. Nilimwelekeza kila mmoja zahanati, isipokuwa huyo wa mwisho, ambaye nilimwambia anunue ua badala ya kuchemsha majani. Akanunua mche kwangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye biashara, kwa maana mbegu zilikuwa zimejiotea chini ya ukingo wa nyumba, na ncha za matawi ukizichomeka kwenye mchanga wenye unyevu zinashika mizizi bila kelele. Vikopo vya nyanya vipo, misumari ipo. Nikapanga miche yangu pembeni ya njia ya sokoni, na kwa kila mnunuzi nikatoa maelekezo: jua la kutwa, mchanga nusu, subiri ukauke ndipo umwagilie, maji ya sabuni ya kwanza hapana, majani yasiliwe na mtu yeyote, watoto wafundishwe.

Mzee naye akaja kuomba vichipukizi, na ungemnyimaje mzee? Nikampa. Wiki haikupita, nikamkuta amekaa sokoni kwenye kiti chake cha kamba, hatua kumi kutoka kwangu, miche imepangwa kwa kimo, na kando ya kila kikopo ameweka kijifuko cha plastiki kilichofungwa fundo. Chumvi. Ukinunua ua la pwani, unapewa na chakula chake bure. Anawaeleza wanunuzi kwamba la kwangu lilikuwa linakufa mpaka alipolilisha, na ananinyooshea kidole niwe shahidi.

Yeye anamaliza miche kabla ya saa nne. Mimi nabaki na ya kwangu, na wateja wanaosimama wananiuliza ya kwangu kwa nini inauzwa nusu.